Ndege isiyojulikana mwenyewe ni hatari kwa nchi



Napenda kuwaeleza wasomaji wenzangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhania kuwa la matajiri na wakubwa wa mijini peke yao. Jambo lenyewe ni usajili wa ndege za watu binafsi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wala sina ndege. Lakini ndege hupita juu ya paa la mwenye nacho na la asiye nacho, na hatari ikishuka kutoka angani haichagui nyumba.

Kwanza tuelewe ndege inavyopata uraia. Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba, 1944, unasema kuwa ndege ni ya taifa lile ilikosajiliwa, na kwamba haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Herufi na tarakimu tunazoziona zimechorwa ubavuni mwa ndege ndizo cheti chake. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X, za Rwanda 9XR, za Burundi 9U, na za Marekani huanza na herufi N. Kifungu cha 21 cha mkataba huo kinaitaka kila nchi mwanachama itoe habari za usajili na umiliki wa ndege zake pindi nchi nyingine mwanachama inapoziuliza.

Utaratibu huo ni mzuri sana, lakini nguvu yake yote iko katika daftari. Kama daftari la nchi fulani limejaa majina ya uongo, basi herufi zilizoko ubavuni mwa ndege hazina maana kuliko rangi zilizochorewa. Nchi itauliza nani mwenye ndege hii, na jibu litakalorudi litakuwa jina la wakala, sanduku la posta, au kampuni isiyo na ofisi.

Wako watakaosema kuwa haya ni matatizo ya nchi maskini tu. La hasha. Tuanze na Marekani, yenye ndege nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Daftari lao liko Oklahoma City, chini ya idara yao ya usafiri wa anga iitwayo FAA. Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa katika ndege 357,000 zilizokuwa katika daftari hilo, kiasi cha 119,000 zilikuwa na kumbukumbu za mashaka: wenyewe wamekufa, wamehama, wameuza, au karatasi hazikukamilika. Hiyo ni theluthi moja. Ndipo ikaamuliwa kila mwenye ndege aandikishe upya kila baada ya miaka mitatu. Tangu mwaka 2023 muda huo umerefushwa kuwa miaka saba.

Sheria ya Marekani inataka ndege isajiliwe na raia, na mkazi wa kudumu, au na kampuni iliyotimiza masharti. Mgeni asiyetimiza masharti hayo hupitia mlango mwingine: humkabidhi mdhamini wa Kimarekani umiliki wa ndege kwa karatasi, kisha yeye mgeni akaendelea kuitumia. Jina linaloingia katika daftari ni la mdhamini. Mwaka 2013 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya huko alieleza kuwa zaidi ya nusu ya ndege zilizosajiliwa kwa njia hiyo zilikuwa na kumbukumbu zisizokamilika.

Mwaka 2019 waandishi wa habari wa Texas waliueleza ulimwengu habari za mji mdogo uitwao Onalaska. Mji huo hauna uwanja wa ndege, lakini ndege zaidi ya 1,000 zilikuwa zimesajiliwa kwa anwani za sanduku la posta la hapo. Mwaka 2023 mahakama ya Texas ilimtia hatiani mkuu wa kampuni iliyokuwa ikizisajili kwa niaba ya wageni, kwa makosa yaliyohusu njama za dawa za kulevya na udanganyifu. Kabla ya hapo, Machi 2020, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikwisha kuonya kuwa FAA kwa kawaida hupokea maelezo ya mwombaji bila ya kuyahakiki, na ikatoa mapendekezo 15. Ada ya kusajili ndege ilikuwa bado dola 5, kama ilivyowekwa miaka ya 1960. Hebu tujiulize, ndugu wasomaji: kwa dola 5, nani atalipwa ili achunguze kama mwombaji ni mtu kweli?

Sasa turudi Afrika, maana sisi ndio tuliolipia uzembe huu kwa damu. Mwezi Desemba 2000, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza vita vya Sierra Leone walieleza kuwa usajili wa ndege wa Liberia ulikuwa shaghalabaghala, na kwamba wafanyabiashara wa silaha walikuwa wakiutumia kujificha. Mmoja wa waliotajwa ni Mrusi Viktor Bout, ambaye ndege zake zilisajiliwa Liberia na kisha katika nchi nyingine za Afrika, zikiwemo Swaziland na Guinea ya Ikweta. Bendera ikianza kuulizwa maswali, ndege ilibadilishiwa herufi. Machi 2001, Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1343, liliitaka Liberia izuie ndege zote zenye alama zake hadi itakaposahihisha daftari. Bout alikamatwa Bangkok mwaka 2008, akahukumiwa New York mwaka 2012 kifungo cha miaka 25, na mwaka 2022 akaachiliwa kwa kubadilishana wafungwa. Lakini waliokatwa mikono Sierra Leone hawakubadilishiwa na kitu.

Mfano wa pili ni wa mamluki. Tarehe 7 Machi, 2004, ndege aina ya Boeing 727 ilikamatwa Harare ikiwa na watu zaidi ya 60. Ilibainika kuwa walikuwa njiani kwenda kuipindua Serikali ya Guinea ya Ikweta, wakiongozwa na Mwingereza Simon Mann. Ndege hiyo ilikuwa bado na alama ya Marekani, N4610. Kampuni ya Marekani iliyohusishwa nayo ilisema kuwa ilikwisha kuiuza siku chache tu kabla. Yaani katika siku hizo chache ndege ilikuwa imebeba utaifa wa watu wasiokuwa na habari nayo. Namshukuru Mungu kwamba Zimbabwe hawakuangalia herufi tu, bali walifungua milango.

Nasi wa Kanda ya Ziwa tunalo la kukumbuka. Tarehe 23 Machi, 2005, ndege kubwa ya mizigo aina ya Ilyushin 76 iliyokuwa imebeba minofu ya samaki iliondoka Mwanza ikaanguka katika Ziwa Victoria, na watu wote 8 waliokuwamo wakafa. Mzigo ulikuwa wa Mwanza na maji yalikuwa yetu, lakini ndege ilisajiliwa Moldova. Na wakati huo huo ilikuwapo filamu ya mwaka 2004 iliyozusha ubishi mkubwa kwa kudai kuwa ndege za samaki ziletazo Mwanza matumbo matupu huleta pia silaha. Serikali yetu iliipinga vikali. Mimi sirudii ubishi ule. Ninalosema ni kwamba taifa likitiliwa shaka kwa ajili ya ndege za kigeni, njia fupi ya kujisafisha ni kufungua daftari na kuonyesha: ndege hii ni ya fulani, imetoka pahala fulani, imebeba kitu fulani. Daftari la nchi nyingine likiwa chafu, hata asiye na kosa hukosa shahidi.

Wapo wanaotetea siri. Wanasema mwenye ndege ana haki ya kutofuatwafuatwa, na huko Marekani sheria ya mwaka 2024 inamruhusu kuomba jina na anwani yake visionyeshwe hadharani. Wengine wanasema udhamini una matumizi ya halali, kama vile mikopo ya benki na biashara za kampuni za nje. Hayo nakubali. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kumficha mwenye mali asisumbuliwe na mpita njia ni jambo moja. Kumficha asijulikane na Serikali ni jambo lingine kabisa. Hapa kijijini mgeni akilala kwa mtu, balozi wa nyumba kumi hupewa taarifa. Hatangazwi sokoni, lakini anajulikana. Ng'ombe mmoja akienda mnadani husindikizwa na kibali. Iweje mwenye chombo kinachovuka mipaka mitatu kabla ya saa ya chakula cha mchana aruhusiwe kutojulikana?

Wengine watasema kuwa mwovu atadanganya hata fomu ikirefushwa. Ni kweli, lakini uongo unaohakikiwa huacha nyayo, na usiohakikiwa hauachi.

Kwa hiyo natoa maoni yafuatayo kwa wahusika:

Kwanza, Mamlaka yetu ya Usafiri wa Anga na wenzao wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wahakikishe kuwa daftari linaonyesha mtu halisi anayemiliki na anayeitumia ndege, wala si wakala wake tu.

Pili, ndege ikiuzwa, herufi zake zisiruke tena hadi mnunuzi athibitishwe. Kisa cha Harare kinatosha kuwa fundisho.

Tatu, nchi zetu zipeane habari za usajili kwa haraka, ili ndege iliyofutwa Nairobi au Entebbe isije ikaonekana huku na jina jipya bila ya maelezo.

Nne, vijiji vyenye viwanja vidogo vya nyasi vielekezwe kuandika tarehe na alama ya kila ndege inayotua. Daftari la shilingi chache na kalamu vinatosha. Lakini nasisitiza, wananchi wasiwabughudhi madaktari, wamisionari wala watalii. Waandike tu, na wakiona ndege isiyo na alama watoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi.

Mwisho, mataifa makubwa yanayotufundisha utawala bora yaanze na madaftari yao. Haifai wao watake majina ya wateja wa benki zetu, huku ndege zao zikisajiliwa kwa sanduku la posta.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu uko angani, lakini ukuta ukianguka utatuangukia sisi tulio chini.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Sengerema, Mwanza.