Kumuuguza mgonjwa wa vidonda vya tumbo nyumbani



Ndugu msomaji, kila Ramadhani inapokaribia huulizwa swali moja na watu wengi: mgonjwa wa vidonda vya tumbo afunge au asifunge? Nitalijibu, inshaallah, lakini si mwanzoni. Kwanza nataka tuzungumze na wale wanaokaa naye nyumbani, yaani mke, mume, binti, mkwe na wajukuu, kwa sababu mgonjwa huyu halazwi wodini isipokuwa hali imeshaharibika. Muuguzi wake ni nyinyi.

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kazi, nikiwa zahanati moja ya kijijini mkoani Tanga, alinijia bibi mmoja analalamika magoti. Nikamwandikia diklofenaki. Mwezi uliofuata akarudi, nikamwandikia tena. Nadhani alirudi mara nne au tano, na mimi kila mara nilitazama magoti, sikuwahi kumuuliza habari ya tumbo. Ilipofika kumi la pili la Ramadhani wakamleta wajukuu zake amelegea, viganja vyeupe kama karatasi, moyo unakwenda mbio. Binti yake akaniambia, “Mama tangu juma lililopita anaswali kwa kukaa, tukadhani ni yale magoti.” Haikuwa magoti. Kila alipoinuka kutoka sijda alikuwa anaona kiza. Baadaye, walipotoka wanaume, bibi akaninong’oneza kwamba choo chake kilikuwa cheusi kwa siku sita. Hakumwambia mtu. Aliona haya.

Alipelekwa hospitali ya wilaya, akaongezewa damu, na alhamdulillah alipona. Lakini ile dawa iliyomtoboa nilimpa mimi, na zile siku sita alizipoteza ndani ya nyumba yenye watu tisa wanaompenda.

Ugonjwa wenyewe

Tumbo la mwanadamu hutoa tindikali kali ya kusaga chakula. Allah ameliwekea tumbo utando wa ute unaolikinga lisijichome lenyewe. Kinga hiyo ikivunjika, tindikali hula nyama na kidonda hufanyika. Kidonda chaweza kuwa ndani ya tumbo lenyewe, au kwenye duodeni, yaani kile kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba kinachopokea chakula kutoka tumboni. Mara nyingi mwenye kidonda cha duodeni huumia akiwa na njaa na huamshwa usiku wa manane, akila anapata nafuu. Mwenye kidonda cha tumbo mara nyingi huumia muda mfupi baada ya kula, ndiyo maana huanza kuogopa chakula na kukonda. Hata hivyo dalili hizi huchanganyika, na si kila kiungulia ni kidonda. Wapo waliojipa jina la “mgonjwa wa vidonda” miaka kumi, na hawajawahi kupimwa hata siku moja.

Zamani sote tuliambiwa vidonda huletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria wanaoishi katika tumbo la wagonjwa hawa, ambao leo huitwa Helicobacter pylori. Wenzao wengi hawakukubali. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba kwa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Basi sababu kubwa za vidonda ni mbili: bakteria hawa, na dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Uvutaji wa sigara huchelewesha kupona. Pilipili huuma juu ya kidonda kilichokwishakuwepo, lakini siyo iliyokichimba.

Nimeyataja haya kwa kuwa ukiamini ugonjwa umeletwa na mawazo, utamuuguza mgonjwa kwa kumwambia “usiwaze”, na dawa utaziacha kabatini.

Dawa na saa zake

Mgonjwa akipimwa akakutwa na bakteria, kwa kawaida hupewa dawa ya kupunguza tindikali, kama omeprazoli, pamoja na viuavijasumu viwili, kwa siku 14. Vidonge ni vingi na ladha ya baadhi yake ni chungu, hukaa mdomoni kama umelamba chuma. Wengine huharisha kidogo. Siku ya tano maumivu yanakuwa yameisha, na hapo ndipo wengi huacha. Bakteria waliobaki hujifunza kuizoea dawa, na safari ya pili tiba huwa ngumu na ghali zaidi. Kwa hiyo mtu mmoja nyumbani apewe kazi ya kuhesabu vidonge. Simaanishi kumkumbusha tu, bali kuhesabu vilivyobaki kila jioni. Omeprazoli hunywewa nusu saa kabla ya kula, haifai kumezwa pamoja na wali. Na kama mgonjwa aliwahi kupata vipele au kubanwa pumzi baada ya penisilini au amoksilini, aliseme hilo kabla ya kupokea dawa. Akipata vipele au uvimbe wa uso katikati ya dozi, aache na arudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kisha fungueni mkoba wa mama, droo, na chini ya mto. Toeni dawa zote za maumivu. Wazee wetu wana tabia ya kugawiana vidonge vya mgongo na magoti kama wanavyogawiana tambuu, na duka la dawa huwauzia bila kuuliza. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli inatosha na haichimbi tumbo, maadamu hazidishi kipimo. Isipokuwa huyu: aliyeandikiwa aspirini ndogo na daktari wa moyo au baada ya kiharusi, huyo asiiache kwa kusoma gazeti, arudi kwa aliyemwandikia amweleze habari ya tumbo.

Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna hutuliza, havitibu. Maziwa nayo hutuliza kwa muda, halafu tumbo hutoa tindikali zaidi, kwa hiyo kumjaza mgonjwa maziwa kila saa si tiba. Ama asali na habbat sauda, sina ugomvi navyo, ni vyakula tulivyofundishwa kuviheshimu. Ugomvi wangu ni na yule anayesimama nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa akimwambia mgonjwa aache dawa za hospitali anywe ungaunga wake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Dawa ya bakteria hawa imeshajulikana.

Chakula

Hapa ndipo wagonjwa wanapoteswa zaidi na watu wa nyumbani. Nimeona mama amekatazwa maharage, nyama, machungwa, chai, dagaa, nazi na mihogo, akabaki na uji mtupu miezi mitatu hadi kitenge kinamvuka. Hakuna orodha moja ya vyakula iliyo haramu kwa wenye vidonda wote. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayejua kinachomuuma: basi kile kinachomuuma kiachwe, vingine ale. Kahawa, pilipili na achari huwasumbua wengi, hilo ni kweli. Ale kidogo na asikae na njaa muda mrefu wakati kidonda kibichi. Asilale mara tu baada ya kula, na kama kiungulia kinampanda usiku, inueni kichwa cha kitanda kwa tofali upande wa miguu ya mbele. Mito mitatu humkunja tumbo tu.

Choo cheusi

Damu ikitoka ndani ya tumbo haitoki nyekundu kwa chini, isipokuwa ikiwa nyingi sana. Tindikali huigeuza, ikatoka nyeusi, laini, inanata kama lami na ina harufu mbaya isiyo ya kawaida. Damu kidogo tu, kama robo ya kikombe cha chai, inaweza kukigeuza choo cheusi.

Tatizo ni kwamba nyumba zetu nyingi zina vyoo vya shimo na kiza, mgonjwa haoni kitu. Lakini sisi tunajisafisha kwa maji. Choo hiki hakisafishiki upesi, hung’ang’ania mkononi, na maji hutoka na weusi. Mgonjwa anayestanji atalijua hilo kabla ya daktari yeyote, ila lazima aambiwe mapema kwamba ni jambo la kusema. Mwanamke mzee amwambie binti yake au mkwe wake, mwanamume mzee amwambie mwanawe. Mkiwa na wasiwasi, mpeni beseni kwa siku moja mtazame. Wenye kutumia vidonge vya kuongeza damu, yaani vya madini ya chuma, nao hupata choo cheusi, vilevile dawa moja ya tumbo yenye bismathi. Lakini mwachieni mtaalamu aamue, msijipe moyo wenyewe.

Kama choo ni cheusi namna hiyo, au ametapika damu, au matapishi yanafanana na masalia ya kahawa, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama hasikii maumivu. Wengi wanaotoka damu hawaumwi. Msimpe maziwa “azime moto”, msimpe kitu chochote mdomoni. Alale ubavu, msimsimamishe akaanguka, na mchukue vidonge vyote alivyokuwa anatumia pamoja na vile vya kuficha. Waende na ndugu wawili watatu wenye afya, huenda wakatakiwa kuchangia damu.

Vilevile maumivu ya ghafla kama kisu, tumbo likawa gumu kama ubao na mgonjwa hataki hata kuguswa: kidonda kimetoboka, na hapo panahitaji upasuaji. Anayetapika leo chakula alichokula jana, anayekonda bila sababu, au chakula kinayekwama akimeza, huyo asubiri dozi nyingine ya kubahatisha? Hapana. Apelekwe hospitali yenye kipimo cha mpira wa kamera, hasa akiwa ni mtu mzima ambaye tumbo halikuwahi kumsumbua ujanani.

Na mtazameni katika swala. Aliyezoea kusimama akianza kukaa, aliyekuwa anakwenda msikitini akianza kupumzika njiani, ulizeni. Msikimbilie kusema ni uzee.

Swaumu

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mwenye kidonda kibichi kinachouma, aliye katikati ya dozi akiwa na maumivu, na aliyetoka damu miezi ya karibuni, kwa upande wa tiba tunamwambia asifunge. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Nimekutana na wazee wanaoiona ruhusa hiyo kama aibu, wanajifungia chumbani kunywa dawa kama wezi. Watu wa nyumbani ndio wa kuwaondolea aibu hiyo: mwekeeni chakula chake mchana bila maneno na bila watoto kumchungulia. Asiyetarajiwa kupona na aliyedhoofika kwa umri, suala la fidia amuulize sheikh wake, akiwa na maelezo ya tabibu mkononi.

Aliyekwishapona, dozi kamaliza na hana maumivu, wengi wao hufunga salama. Afuturu kwa tende na maji, aswali Magharibi, ndipo ale, tena kwa kiasi. Bagia za mafuta na pilipili juu ya tumbo lililokaa tupu kutwa nzima humsumbua hata mzima. Daku asiiache, na aisogeze karibu na alfajiri. Kama bado anakunywa omeprazoli, mara nyingi inaweza kupangwa kabla ya daku au kabla ya futari, ila saa hizo azipange na aliyemwandikia. Akiona choo cheusi au kizunguzungu mchana, afungue papo hapo.

Na walio karibu naye

Bakteria hawa hupita kwa mdomo, kwa mate na kwa mikono isiyooshwa baada ya choo, na watu wengi huambukizwa utotoni. Kwa hiyo mama au bibi asimtafunie mtoto chakula kisha akampa, na mswaki haupeanwi, uwe wa mti au wa dukani. Maji ya kunywa yachemshwe. Ndoo ya kunawia iwe na sabuni pembeni yake, kwani kidole kimoja kilichochovywa majini si kunawa. Hakuna haja ya kumtenga mgonjwa sahani na kikombe kana kwamba ana ukoma. Vyombo vikioshwa vizuri vinatosha.

Dozi ikiisha, subirini angalau majuma manne tangu kidonge cha mwisho cha viuavijasumu, na majuma mawili bila omeprazoli, ndipo apimwe tena kwa kipimo cha choo au cha pumzi kuona kama bakteria wameisha. Kile kipimo cha damu cha kudonoa kidole hakifai kwa kazi hii, kwa sababu chaweza kuonyesha alama za ugonjwa muda mrefu baada ya mtu kupona, na wapo waliomeza dozi tatu kwa sababu yake.