Uko Sib na Unataka Kurudi Shule? Soma Hii Kabla ya Kutuma Ada

Wengi mnaofanya kazi Sib, iwe majumbani Al Khoudh au kwenye saiti za Mabela, mnasomesha wadogo zenu na watoto. Na wewe mwenyewe je?

Kwa Mtanzania mlango upo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinasomesha watu kwa masafa, na kina kozi ya maandalizi ya chuo kikuu ambayo wengi wanaiita foundesheni. Ni ya yule ambaye matokeo yake hayakumfikisha kwenye digrii moja kwa moja.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo hela hupotea. Foundesheni peke yake haitoshi. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka vitu viwili kwa pamoja:

1. Umalize foundesheni na GPA isiyopungua 3.0 katika masomo sita ya msingi, na angalau C kwenye masomo matatu ya mkondo wako: sanaa, sayansi au biashara.

2. Uwe pia na cheti cha nyuma: kidato cha sita chenye pointi 1.5, yaani E moja na S moja. Au stashahada ya GPA 2.0, au cheti cha NTA ngazi ya 5.

Kwa hiyo mwenye kidato cha nne tu aanze na astashahada, afike ngazi ya 5. Uliyeishia darasa la saba, Baraza la Mitihani lina mtihani wa QT. Ukifaulu, unaruhusiwa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Wakenya, digrii inataka C+ ya KCSE. Ukiwa chini ya hapo, pitia diploma. Waganda, ukishatimiza miaka 25 kuna mtihani wa kuingilia wa watu wazima.

Tuje kwenye pesa. Tenga ya ada kabla hujatuma nyumbani, si baada, kwa sababu shida za nyumbani haziishi. Rial 10 kila mwezi kwa miaka miwili ni rial 240. Weka kwenye akaunti yenye jina lako, na shemeji asijue namba ya siri.

Ada usimtumie mtu kwenye simu, hata akisema ana ndugu chuoni. Chuo cha serikali kinakupa namba ya kumbukumbu ya malipo. Lipa kwa hiyo, tunza risiti.

Kabla ya kulipa chochote, fanya haya: pata mwongozo wa TCU wa mwaka huu, maana vigezo hubadilika, uliza chuo mitihani utafanyia wapi, ulinganishe na tarehe za likizo yako, na mwambie mtu wa nyumbani akupigie picha vyeti vyako. Jina la cheti na la pasipoti likitofautiana, anza kulirekebisha sasa, usingoje siku ya kujisajili.