Je, Wajua? Imeji Ijengwayo kwa Awamu

Kahawa iingiapo katika vinu vya Thika huwa ingali imevaa ganda lake gumu, wala haipelekwi bandarini Mombasa ila baada ya kukobolewa na kupangwa madaraja, ganda likabaki kuko huko. Na kanuni hiyohiyo ndiyo waifuatayo siku hizi, toka Ruiru hata Thika, mafundi wa programu watengenezao imeji za kontena.

Imeji ni mkusanyo wa programu pamoja na kila inachohitaji ili iendeshwe vilevile katika kompyuta mbalimbali, nayo hujengwa kwa matabaka, moja juu ya jingine. Tabaka likisha kuwekwa halibadiliki. Hivyo mtu akiingiza kompaila, yaani zana igeuzayo msimbo kuwa programu, katika tabaka la pili, akaifuta katika la tano, faili hutoweka machoni lakini uzito wake ungalimo, na apakuaye imeji hiyo hulipia bando ya kitu asichokiona. Baya zaidi ni nywila: ikinakiliwa humo kisha ikafutwa, huweza kusomwa na yeyote atakayelifungua tabaka la chini.

Tangu Docker, zana ya kujengea imeji hizo, ilipotolewa mwaka 2013, taabu hiyo iliepukwa kwa kuandika Dockerfile mbili, yaani faili za maelekezo ya ujenzi, na kuziunganisha kwa hati ya tatu, hata lilipokuja toleo la 17.05, Mei 2017, likaruhusu ujenzi wa awamu kadhaa ndani ya faili moja, kila awamu ikianza na amri yake ya FROM na kuweza kunakili kutoka awamu iliyotangulia. Kwa lugha ya Go, awamu ya kwanza huwa na kompaila na zana zote, mamia ya megabaiti. Ya pili huanza upya na Alpine, imeji ndogo ya Linux isiyofika megabaiti kumi, ikanakili programu iliyokamilika peke yake. Atakaye zana za majaribio mezani pake huamuru ujenzi ukome katika awamu ya kwanza kwa --target, na faida hii ya faili moja kutosha kazi zote mbili naiona bora kuliko wepesi wenyewe, kwani faili mbili za kazi moja aghalabu huhitilafiana pasipo mwenyewe kutambua.

Wako waanzao awamu ya mwisho na scratch, imeji tupu kabisa. Hapo hadhari yatakiwa: programu ipelekayo ombi la malipo ya M-Pesa kwa HTTPS itashindwa kuithibitisha seva ya upande wa pili, kwa kuwa vyeti vya usalama havimo, na ikitakiwa kuandika stakabadhi kwa saa za Africa/Nairobi itarudisha kosa, maana orodha ya majira ya dunia nayo imeachwa nyuma. Vyote viwili ni vyepesi, na hunakiliwa kwa mistari miwili mitatu.