Risasi ya Mpiga Mbizi: Iwe Kiasi Gani, Ikae Wapi (Sehemu ya 3)

Risasi ya mpiga mbizi hupimwa mtungi ukiwa unakaribia kwisha, si ukiwa umejaa. Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza mtungi na kifaa cha kupumulia. Leo tunaingia kwenye jaketi, lile linalojazwa na kutolewa hewa ili mtu aelee, atulie katikati ya maji au ashuke, pamoja na vipande vya risasi vinavyokwenda nalo. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, na jaketi lenyewe ndilo linalowafichia kosa.

Tuanze na hesabu. Mtungi wa alumini uliozoeleka katika vituo vya utalii una ujazo wa lita 11 hivi. Ukijazwa hadi bar 200 unabeba takriban lita 2,200 za hewa, na hewa hiyo ina uzito unaofika kilo 2.6. Mtu anaposhuka, mtungi unazama wenyewe. Anaporudi na bar 50, kilo 2 za hewa ameshazipumua, na mtungi uleule sasa unataka kuelea. Aliyepima risasi asubuhi kwa mtungi uliojaa akaridhika, atajikuta anavutwa juu pale anapotakiwa kutulia, mita 5 chini ya maji kwa dakika 3, kabla ya kutoka.

Kwa hiyo pima baada ya mbizi, ukiwa juu ya maji yanayokuzidi kimo, mwenzako kando yako, mtungi una bar 50. Toa hewa yote iliyo kwenye jaketi. Vuta pumzi ya kawaida, ishike, usipige miguu. Maji yakisimama usawa wa macho, risasi inatosha; ukitoa pumzi utaanza kuzama taratibu. Ukizama na pumzi bado ungali umeishika, punguza kilo moja ujaribu tena. Ukiwa huna budi kupima kwa mtungi uliojaa, fanya vivyo hivyo kisha ongeza kilo 2.

Maji nayo yana lao. Kijana wa Magomeni anayejifunzia kwenye bwawa la kuogelea akaenda Mbudya au Bongoyo na risasi ileile, hatazama. Maji ya bahari yana uzito zaidi ya maji baridi kwa asilimia 2.5 hivi, maana yake mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ni kilo 100 anahitaji kuongeza kilo 2 na nusu. Mzamiaji wa Kigoma anayekamata samaki wa mapambo katika Ziwa Tanganyika akija pwani atakumbana na jambo hilohilo, na mtu wa pwani akienda Kigoma bila kupunguza atashuka kama nanga. Vazi la mpira nalo lihesabiwe: linaelea sana juu ya maji, lakini ukifika mita 10 limeshabanwa na kupoteza sehemu kubwa ya uelevu wake.

Sasa, kuna walimu humpakia mgeni kilo 10 ili azame upesi na ratiba ya boti isiharibike. Siwaungi mkono hata kidogo. Chukua mtu aliyezidishiwa kilo 4. Akiwa mita 10 chini itambidi aweke lita 4 hivi za hewa ya ziada kwenye jaketi ili asiendelee kuzama. Akianza kupanda, shinikizo la maji linapungua na hewa hiyo inatanuka; asipoitoa njiani, juu ya maji zitakuwa lita 8. Hewa inayotanuka inampandisha kwa kasi zaidi, na kasi ikiongezeka hewa inazidi kutanuka. Wazamia lulu wa Ghuba, ambao katika karne ya 19 miongoni mwao walikuwamo watu wengi waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki, walishuka na jiwe mguuni, na wakifika chini waliliachia livutwe juu kwa kamba. Uzito wao ulikuwa wa kushukia tu. Wa siku hizi anakaa nao kwa muda wote wa mbizi, ndiyo maana kila kilo isiyo na kazi inamgharimu hewa na nguvu.

Tukishapata kiasi, swali la pili ni mahali, na kwangu mimi hili ndilo zito zaidi. Mapafu yako kifuani, kwa hiyo kifua kinaelea. Miguu ya watu wengi, hasa vijana wembamba wenye misuli, inazama. Ukifunga risasi yote kiunoni na mapezi mazito miguuni, unakaa majini kifua juu miguu chini. Mabaharia wanalijua hili: jahazi likizidishwa farumi upande wa tezi, omo linainuka. Mpiga mbizi aliyekaa hivyo kila akipiga miguu anajisukuma juu, akidhani tatizo ni wepesi wake, naye anaongeza kilo nyingine kiunoni! Huku nyuma mapezi yanafagia mchanga na kuvunja matumbawe. Miamba ya visiwa vyetu vya Dar es Salaam, ambavyo ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, imeshaumizwa vya kutosha na baruti. Haihitaji na mapezi.

Dawa yake ni kuihamisha risasi, si kuiongeza. Toa kilo moja au mbili kiunoni, uzigawe sawa kulia na kushoto katika vifuko vidogo vinavyofungwa kwenye mkanda wa mtungi, karibu na mabega. Haitoshi? Pandisha mtungi wenyewe sentimeta chache kwenye jaketi. Kikomo chake utakijua kwa kisogo: inua uso kutazama mbele, kichwa kikigonga koki ya mtungi umepandisha mno. Kisha tulia mita kadhaa chini, mwili umelala, mikono imekunjwa, usifanye lolote kwa sekunde 10. Miguu ikishuka kwanza, hamisha tena kuelekea kichwani. Kichwa kikitangulia, rudisha nyuma. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Hayo yote ni kazi bure jaketi likiwa halikukai. Livae juu ya vazi utakaloingia nalo majini, lijaze mpaka vali ipumue yenyewe, kisha vuta pumzi ndefu. Likikubana kifua, ni dogo. Mwambie mwenzako alishike mabegani alivute juu: likikufika masikioni, limelegea, na juu ya maji litakupanda vivyo hivyo hadi kidevuni. Jaketi kubwa lina ubaya mwingine usioonekana nchi kavu: mtungi unayumba mgongoni, na ukigeuka ubavu nao unakuburuta. Kaza kwanza mkanda wa tumboni, ndio unaobeba. Mikanda ya mabegani iache nafasi ya kupitisha kiganja. Mkanda unaofunga mtungi uloweshe kabla ya kuukaza, kwa sababu nailoni ikilowa hulegea, na mtungi uliofungwa mkavu unaweza kuchomoka.

Fundi cherehani wa Magomeni au fundi wa mabegi Kariakoo anaweza kukubadilishia mkanda au kishikizo kilichovunjika. Asipitishe sindano kwenye mfuko wa hewa.

Kuhusu kuyeyusha risasi ya betri chakavu ili kujitengenezea uzito, jibu ni usifanye. Kipande cha risasi kilichokwisha kutengenezwa, hasa kilichofunikwa plastiki, hakina neno ukinawa mikono. Hatari iko kwenye moshi na vumbi la kuyeyushia, ambavyo huanza na watoto wa nyumba za jirani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Jambo la mwisho si la kujadiliwa. Vyovyote utakavyoigawa risasi, sehemu yake kubwa lazima iweze kutupwa kwa mkono mmoja, gizani, bila kutafuta. Mkanda wa risasi uvaliwe mahali ambapo hakuna kamba nyingine itakayoukwamisha ukifunguliwa. Vile vifuko vya mabegani havitupiki kirahisi, kwa hiyo visibebe zaidi ya kilo chache.

Wenye vituo, nawaomba muwe na vipande vya nusu kilo na vya kilo moja, si vya kilo 2 na 3 peke yake, maana mwanafunzi hawezi kurekebisha kidogo asichonacho. Nawe msomaji, haya yafanye mbele ya mwalimu mwenye cheti. Gazeti halimpeleki mtu majini. Wiki ijayo tutaeleza namna ya kupanda juu.