Nguvu Pekee Haitoshi Uwanjani

Hapa Eldoret, mji unaojivunia jina la mji wa mabingwa, ipo kauli ambayo sisi walimu hatuna budi kuiacha. Mwanafunzi akishindwa na hesabu ilhali miguu yake ni myepesi, tunampoza kwa kumwambia, "Usijali, wewe utakimbia." Nia ni njema, lakini kauli hiyo ina sumu: inamfunza mtoto kwamba michezo ni kimbilio la asiyetaka kufikiri.

Maisha ya Daniel Adongo yanaikanusha kauli hiyo. Mkenya huyu aliyezaliwa mwaka 1989 alikuwa mchezaji wa raga ya kulipwa, akazichezea timu za Afrika Kusini na New Zealand. Mwezi wa Julai 2013, akiwa na umri wa miaka 23, alitia saini mkataba na Indianapolis Colts, timu ya ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Hakuwa amewahi kuucheza.

Alipangiwa kazi ya ulinzi: kusimama nyuma ya safu ya mbele, kusoma nia ya wapinzani, kisha kumwangusha mwenye mpira. Huenda msomaji akadhani kwamba mchezo huo na raga ni ndugu wa tumbo moja. La hasha! Katika raga mpira haurushwi mbele kwa mikono, na anayeangushwa ni mwenye mpira tu. Kwa Wamarekani mpira huweza kurushwa mbele, hata asiye na mpira huzuiwa kwa mwili, na mchezo husimama kila baada ya sekunde chache ili kila mmoja wa wachezaji 11 apokee agizo lake. Maagizo hayo hujaza kitabu kizima, nacho hakina budi kukaa kichwani.

Basi kimo na kifua vilimfikisha Adongo mlangoni; kilichomwingiza ndani ni kusoma. Tarehe 8 Desemba 2013 aliingia uwanjani dhidi ya Cincinnati Bengals, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Alikuwa mwanafunzi wa takriban miezi minne tu!

Hata hivyo, mwili una ukomo. Mwaka 2014 jeraha lilimweka kando, na mwishoni mwa mwaka 2015 Colts ikaachana naye. Alikuwa na miaka 26, na mechi alizocheza zilihesabika kwa vidole. Hiyo si aibu yake. Ndivyo ilivyo ajira ya misuli, kwetu na kwao.

Mji wetu wenyewe una mfano wa nini hufuata. Kipchoge Keino, mshindi wa dhahabu mwaka 1968 kule Mexico na mwaka 1972 kule Munich, hakuishia kwenye nishani. Alianzisha makao ya watoto yatima hapa Eldoret, kisha shule ya msingi mwaka 1999. Mkimbiaji alijenga madarasa.

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Mwalimu mwenzangu, mwache mwanafunzi akimbie alfajiri, lakini saa mbili mdai daftari lake. Nawe mwanafunzi, siku utakapoletewa mkataba, atakayeusoma awe wewe mwenyewe.