Hizbu, ZPPP na Hesabu ya Viti: Serikali ya Mseto ya Zanzibar, 1961–1964

Januari 1961, watu wa Unguja na Pemba walipokwenda vituoni kuwachagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria, na wanawake wakiwa miongoni mwao kwa mara ya kwanza, hesabu ilitoka kwa namna ambayo sheria ya uchaguzi haikuiwekea dawa: chama cha Afro-Shirazi viti 10, chama cha Hizbu viti 9, na chama kidogo cha watu wa Zanzibar na Pemba, kilichojulikana na wote kwa herufi zake ZPPP, viti 3. Jimbo la Chake Chake lilikwenda kwa Afro-Shirazi kwa kura moja tu. Laiti mpiga kura mmoja wa Chake Chake angaliyabadili mawazo yake njiani, Hizbu wangalipata viti 10 na wapinzani wao 9, na mengi ya mambo nitakayoyaeleza hapa yangalikuja kwa mpango mwingine.

ZPPP kilikuwa kimezaliwa mwaka 1959 kwa kumeguka kutoka Afro-Shirazi, na kwa sababu hiyo mioyo ya watu wake ilikuwa imegawanyika tangu mwanzo, wengine wakiwatazama ndugu zao wa zamani kwa hasira na wengine kwa shauku ya kurejea. Vyama viwili vikubwa vilipokuja kuwabembeleza wajumbe wake watatu, Muhammad Shamte na Bakari Mohamed Bakari wakaenda kwa Hizbu, naye Ali Sharif Musa akarudi upande wa Afro-Shirazi, na Baraza likasimama kumi na moja kwa kumi na moja. Ikaundwa serikali ya muda yenye watu wa pande zote mbili, ambayo kazi yake ilikuwa kuiweka nchi mpaka uchaguzi mwingine. Na ili sare isijirudie, kiti cha ishirini na tatu kikaongezwa huko Mtambile, kusini mwa Pemba.

Msomaji asiyezoea mambo ya mabaraza huenda akastaajabu kwamba chama chenye wajumbe watatu kinaweza kuiamua hatima ya dola. Lakini ndiyo tabia ya hesabu hii: pale wakubwa wawili wanapolingana, aliye mdogo ndiye huwa ulimi wa mizani, na thamani yake haipimwi tena kwa idadi ya waliompigia kura, bali kwa haja waliyo nayo wale wawili. Hizbu walilifahamu jambo hili mapema kuliko wenzao. Kabla ya uchaguzi wa Juni 1961 walikubaliana na ZPPP kwamba vyama hivyo viwili visisimamishe wagombea wa kushindana katika jimbo moja, kila mmoja amwachie mwenziwe mahali alipo na nguvu. Matokeo yakawa Afro-Shirazi 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Na safari hii watatu wote walisimama pamoja, mseto ukapata viti 13.

Aliyekuwa Waziri Kiongozi ni Muhammad Shamte, mwalimu mstaafu wa Pemba, ilhali chama chake ndicho kilichokuwa kidogo kuliko vyote. Kwa rai yangu haukuwa ukarimu wa Hizbu. Chama chao, kilichokuwa kikituhumiwa na wapinzani kuwa ni chama cha Waarabu, kilihitaji kwamba mkuu wa serikali awe Mshirazi, na Ali Muhsin Barwani wa Hizbu, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko mtu yeyote ndani ya mseto ule, akaridhika kushika wizara akamwachia mwenziwe kiti cha mbele.

Serikali hiyo ilizaliwa katika msiba. Siku za uchaguzi wa Juni ghasia zilianza mjini zikaenea mashamba ya Unguja, zikaua watu 68, wengi mno wao wakiwa Waarabu, na wanajeshi wa Kiingereza wakaletwa, hali ya hatari ikatangazwa. Lililokuwa wajibu wa kwanza wa wenye madaraka, kuwatafuta walioshindwa na kuwapa sababu ya kungoja zamu yao, halikufanywa kwa juhudi iliyopasa. Mkutano wa London wa 1962 ulivunjika kwa sababu mseto ulitaka uhuru uje kwanza na uchaguzi ufuate, nao Afro-Shirazi walidai uchaguzi utangulie. Kila upande ulikuwa ukijua vyema hesabu ingemnufaisha nani.

Tarehe 24 Juni 1963 Zanzibar ikapata madaraka ya ndani, na Julai ukafanyika uchaguzi wa mwisho, wa viti 31, ambao unastahili kutazamwa kwa makini. Afro-Shirazi walipata kura 87,085, yaani zaidi ya asilimia 54 ya kura zote. Hizbu walipata 47,950 na ZPPP 25,609. Viti vikagawanyika 13, 12 na 6. Waliopata kura nyingi wakakaa upinzani, na waliopata kura chache wakashika serikali kwa viti 18. Hapakuhitajika hila yoyote ya kuhesabu ili jambo hilo litokee. Katika utaratibu wa jimbo moja mjumbe mmoja, kura zinazozidi zile za kutosha kushinda hazimsaidii mtu. Afro-Shirazi walikuwa wakishinda kwa wingi mkubwa mno katika majimbo yao ya Unguja, wakilundika maelfu pale ambapo mamia yangetosha, na Pemba walipata kura nyingi zilizotawanyika zikawapa viti viwili tu. Mseto ulishinda kwa tofauti ndogo, mahali pengi, na bila wagombea wake kugawana kura.

Kisheria mambo yalikuwa sawa. Tarehe 10 Desemba 1963 uhuru ukatangazwa, Sultani Jamshid akawa mkuu wa dola na Shamte Waziri Mkuu, na siku sita baadaye Zanzibar ikakaribishwa katika Umoja wa Mataifa. Lakini serikali yenye asilimia 46 ya kura ilianza kutenda kama yenye nchi nzima. Mwanzoni mwa Januari ilikipiga marufuku chama cha Umma, ambacho Abdulrahman Babu alikuwa amekianzisha baada ya kuachana na Hizbu mwaka uliotangulia, naye akavuka kwenda Dar es Salaam. Iliwaachisha kazi askari polisi wenye asili ya bara, watu waliokuwa wakizijua ghala za silaha na taratibu za kambi, ikawaacha mitaani na kinyongo. Haya yakifanyika, bei ya karafuu ilikuwa imeshuka na hazina ilikuwa tupu.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, kundi lililoongozwa na John Okello liliingia katika kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, likachukua silaha. Serikali ikaanguka siku thelathini na tatu baada ya uhuru. Shamte na mawaziri wake walikamatwa, wakapelekwa katika magereza ya bara. Kilichofuata mitaani na mashambani, roho za watu wasio na hatia zilizopotea kwa maelfu, ni msiba ambao mpaka leo wako watu wanaoubeba katika nyumba zao.

Wako wanaosema kwamba dhuluma ya hesabu ile ndiyo iliyoleta mapinduzi. Mimi sikubali kwamba yatosha. Uingereza kwenyewe, mwaka 1951, chama cha Leba kilipata kura nyingi kuliko Konsavativu kikapoteza serikali, wala hapakutokea mtu wa kushika silaha. Tofauti ni kwamba Muingereza aliyeshindwa aliamini kuwa atashinda siku nyingine. Zanzibar vyama vilikuwa vimejengwa juu ya asili na kabila na kisiwa, mambo ambayo mtu hayabadilishi kati ya uchaguzi na uchaguzi, na kwa hiyo aliyeshindwa mara mbili kwa tofauti ya viti vichache alijiona ameshindwa milele; naye aliyeshinda, akijua udhaifu wa ushindi wake, alimwogopa mwenziwe badala ya kumkaribisha.

Miaka 46 baadaye Wazanzibari walijaribu kuuandika wajibu wa kumkaribisha aliyeshindwa katika sheria. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ilipitisha kwamba chama kinachoshika nafasi ya pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wagawanywe kwa kadiri ya viti katika Baraza la Wawakilishi. Mseto huu hautokani na haja ya mshindi wa kutafuta viti vitatu vya kukamilishia hesabu; umefanywa wajibu wa katiba. Hata hivyo ulipokosekana ushirikiano, baada ya chama cha upinzani cha CUF kuususia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, nafasi ya Makamu wa Kwanza ilibaki wazi mpaka Desemba 2020, kwa maana katiba inaweza kumpa aliyeshindwa kiti, lakini haiwezi kumlazimisha akikalie.