Kutapika Damu Si Kulogwa

Katika vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria, wako watu ambao hutapika damu ghafla. Majirani husema wamelogwa. Lakini mara nyingi chanzo chake ni kichocho cha tumbo.

Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini. Hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayevua, au anayechota maji ya kumwagilia bustani. Ndani ya mwili huwa minyoo, na minyoo hutaga mayai. Mayai mengi huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini.

Baada ya miaka mingi ini huwa na makovu. Damu haipiti vizuri. Mkulima anajua kuwa mfereji ukiziba, maji hutafuta njia nyingine. Damu nayo hufanya hivyo. Huingia kwa wingi katika mishipa midogo ya tumbo na ya njia ya chakula. Mishipa hiyo huvimba. Siku moja hupasuka.

Katika hospitali kubwa, daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye taa. Kisha huifunga mishipa hiyo kwa vipete vya mpira. Baadhi ya hospitali huziba mishipa ya tumbo kwa waya mwembamba uliosokotwa kama springi. Waya huo huitwa koili.

Matibabu haya huokoa maisha, lakini yana hatari zake. Koili yaweza kuhama, ikachukuliwa na damu mpaka kwenye mapafu. Mgonjwa aweza kupata homa, au kutoka damu tena. Na kwa kuwa makovu ya ini bado yapo, mishipa mingine yaweza kuvimba. Kwa hiyo mgonjwa arudi hospitali kila siku anayopangiwa.

Ndugu wananchi, kuzuia ni bora. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo ya kichocho. Shuleni, watoto hupimwa urefu ili wapewe vidonge vinavyowatosha. Wazazi, waacheni wameze. Watu wazima nao waende wakapimwe choo. Tuchimbe vyoo na kuvitumia. Maji ya kuoga yakae siku 2 katika chombo chenye kifuniko, ili vijidudu vife.

Mtu akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, mlazeni ubavu. Msimpe chakula wala kinywaji. Mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Msianze kwa mganga.